Nina kadi tano za mikopo na deni la dola 7,700: nifunge ipi, niunganishe ipi, niache ipi?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu unatuhusu zaidi sisi tunaoishi Marekani, ambako alama za mkopo, yaani namba inayoonyesha jinsi mtu anavyolipa madeni yake, hufuatana naye kila aendako: kwenye nyumba ya kupanga, kwenye riba ya gari, na katika majimbo mengi hata kwenye bei ya bima. Mimi na mwenzangu tunakusudia kuomba mkopo wa nyumba baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Juzi usiku tuliketi mezani kuhesabu tunachodaiwa, nikazitoa kadi zangu zote kwenye pochi na kwenye droo, nikazipanga mstari mmoja. Zilikuwa tano. Nakiri kwamba kabla ya usiku ule ningeapa kuwa ni nne.

Nitaziita kwa herufi ili nisitaje benki ya mtu. Kadi A ndiyo kongwe. Niliifungua mwaka 2012, kikomo chake ni dola 1,500, haina deni wala ada ya mwaka, na imelala zaidi ya mwaka bila kuguswa. Kadi B ina kikomo cha dola 6,000 na nadaiwa 4,200 kwa riba ya asilimia 27. Kadi C ina kikomo cha dola 5,000 na nadaiwa 2,900 kwa asilimia 24. Kadi D ni ya duka la nguo, kikomo chake ni dola 1,200, haina deni, na niliichukua kwa ajili ya punguzo la siku moja nilipokuwa nimesimama mbele ya mhudumu. Kadi E ina kikomo cha dola 8,000, nadaiwa 600 kwa asilimia 25, na ada yake ya mwaka ya dola 95 inakaribia kukatwa tena baada ya miezi miwili.

Riba peke yake inameza takriban dola 165 kila mwezi. Nina uwezo wa kutenga dola 450 kwa mwezi, pamoja na dola 600 za akiba ambazo naweza kuzitoa mara moja. Wazo langu lilikuwa kuzifunga A, D na E kwa mpigo, nibaki na mbili zenye deni, kisha nichukue mkopo mmoja wa kuzimaliza. Shemeji yangu ananiambia kwamba nikifunga hata moja nitakuwa nimejiharibia kwa miaka kumi. Alama zangu kwa sasa ni 668. Naomba kuelimishwa kabla sijapiga simu benki.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umefanya vyema kuleta hesabu zenyewe, kwa sababu mijadala mingi ya namna hii huharibika pale watu wanapojadili kadi bila kujua zina nini ndani yake.

Alama zinazotumiwa na wakopeshaji wengi ni za kampuni iitwayo FICO, ambazo kwa kawaida huanzia 300 hadi 850. Kampuni yenyewe imetangaza wazi uzito wa kila kipengele kwa jumla: historia ya kulipa kwa wakati hubeba asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, umri wa akaunti asilimia 15, mikopo mipya asilimia 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10. Ukifunga kadi, historia yako ya kulipa haiguswi. Kinachoguswa papo hapo ni kile kipengele cha pili, na hasa uwiano kati ya masalio ya kadi zako na jumla ya vikomo vyake.

Jumla ya vikomo vyako ni dola 21,700 na jumla ya deni ni 7,700, yaani umetumia takriban asilimia 35 ya nafasi uliyopewa. Ukizifunga A na D leo, vikomo vinashuka hadi 19,000 na uwiano unapanda hadi zaidi kidogo ya asilimia 40. Ukilipa zile 600 kisha ukaifunga na E, utabaki na deni la 7,100 juu ya kikomo cha 11,000, ambayo ni karibu asilimia 65. Hujakopa hata senti moja zaidi, umepunguza deni kwa dola 600, lakini kwenye karatasi unaonekana kama mtu aliyebanwa mara mbili ya alivyokuwa wiki iliyopita.

Ule ushauri unaotajwa kila mahali, kwamba uwiano huu usivuke asilimia 30, si ukuta. Asilimia hiyo ni kipimo cha kukadiria tu, na kadiri unavyoshuka chini yake ndivyo inavyokuwa bora. Vilevile kanuni ya kukokotoa alama huangalia kadi moja moja. B yako imejaa asilimia 70 na C asilimia 58, na hizo zinakuumiza hata kama jumla ingekuwa nzuri.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba swali la kufunga limekuja mapema mno. Kwanza shusha deni, halafu ndipo uamue kadi ipi haina kazi. Kadi ikifungwa wakati zote hazina salio, uwiano hubaki sifuri hata vikomo vikipungua nusu.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na hesabu, lakini naongeza onyo moja kubwa. Kadi A usiiguse kabisa. Hiyo ya mwaka 2012 ndiyo inayobeba umri wa historia yako, na ukiifunga leo, kesho umri wako wote unahesabiwa upya kuanzia kadi inayofuata.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, hilo limeenea sana lakini si sahihi kwa alama za FICO. Akaunti iliyofungwa ikiwa haina doa la kuchelewesha malipo hubaki kwenye ripoti yako ya mikopo kwa muda unaofika miaka 10 tangu ifungwe, na katika muda wote huo FICO huendelea kuihesabu katika umri wa akaunti. Nadhani hapo ndipo shemeji wa mleta mada alipochanganya mambo: aliisikia miaka 10 akadhani ni kifungo, kumbe ni muda ambao historia njema inaendelea kukutetea. Zenye madoa ndizo hukaa miaka 7. Mfumo mwingine wa alama, VantageScore, ulioanzishwa mwaka 2006 na kampuni tatu za kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, una namna yake ya kuzitazama akaunti zilizofungwa, ndiyo maana unaweza kuona namba moja kwenye programu ya simu na namba nyingine kwa mkopeshaji.

Hata hivyo nafika mahali ulipofika, kwa njia nyingine. Kadi A haina ada, haimgharimu kitu, na inampa dola 1,500 za kikomo. Sababu ya kuifunga haipo. Hatari yake ni kwamba imelala, na benki ina haki ya kuifunga kadi isiyotumika bila hata kumwarifu mapema. Mleta mada, iwekee malipo madogo ya kila mwezi, mathalani usajili wa muziki, na uagize benki ikate malipo kamili yenyewe. Kisha irudishe kwenye droo.

Mleta mada

Asanteni. Je, E? Ada ya dola 95 inaniuma, na safari za ndege zilizonifanya niichukue siku hizi sizifanyi tena.

Mchangiaji wa tatu

Kwa E kuna mlango wa kati ambao watu wengi hawauulizii. Piga simu uombe benki ikubadilishie kadi hiyo iwe aina nyingine ya benki hiyohiyo isiyo na ada. Benki zikikubali, akaunti hubaki ileile, tarehe ya kufunguliwa hubaki, kikomo hubaki, na kwa kawaida hakuna ombi jipya la mkopo linaloandikwa kwenye ripoti yako. Kama una pointi za safari zitumie au uzihamishe kwanza, kwa sababu aina mpya huenda isizipokee. Na ikitokea ada imekwisha kukatwa, usivunjike moyo. Benki nyingi huirudisha ukiwahi ndani ya siku kama 30.

Wakikataa kubadilisha, uliza kama wanaweza kuhamishia sehemu ya kikomo cha E kwenye kadi nyingine uliyo nayo kwao. Baadhi hukubali. Hapo unaweza kuifunga E bila kupoteza nafasi yote ya dola 8,000.

Sasa nije kwenye kuunganisha, maana ndiko fedha zilikojificha. Una njia mbili halisi. Ya kwanza ni mkopo binafsi unaolipwa kwa awamu. Chukua mfano wa mkopo wa miaka mitatu kwa riba ya asilimia 14, wenye ada ya kuandaa mkopo ya asilimia 5 inayokatwa kabla hujapokea fedha. Ili upate dola 7,700 mkononi lazima ukope takriban 8,105. Utalipa karibu dola 277 kwa mwezi, na mwisho wa miezi 36 utakuwa umetoa takriban 9,970. Ukitoa dola 277 hizohizo kila mwezi kwenye kadi zako bila kuziunganisha, utamaliza baada ya miezi kama 43 na riba itakuwa imekula zaidi ya dola 4,100. Tofauti ni kama dola 1,800, na hiyo ni baada ya ada kuhesabiwa. Ila angalia: mkopeshaji mwenye tangazo la asilimia 9 hakuahidi kwamba wewe mwenye alama 668 utapewa hiyo 9. Wengi hukuruhusu kuona kiwango chako kwa ukaguzi mwepesi usiogusa alama. Tumia huo kwanza, linganisha watatu au wanne, ndipo uombe rasmi kwa mmoja.

Njia ya pili ni kuhamisha salio kwenda kadi mpya yenye riba ya asilimia sifuri kwa muda maalumu, ambao mara nyingi ni kati ya miezi 12 na 21. Ada ya kuhamisha huwa asilimia 3 hadi 5. Kuhamisha 7,100 za B na C kwa asilimia 3 kungekugharimu dola 213, na kwa hizo 450 zako kila mwezi ungekuwa umemaliza kwenye mwezi wa kumi na saba. Kwa uwezo ulionao njia hii ni nafuu zaidi kuliko mkopo, lakini ina vikwazo vyake. Hutajua kikomo utakachopewa mpaka wakukubalie. Kwa kawaida huwezi kuhamisha salio kati ya kadi mbili za benki moja. Na usiifanyie manunuzi kadi hiyo, kwa kuwa ukibeba salio lililohamishwa mara nyingi manunuzi mapya huanza kutozwa riba siku ileile unayonunua.

Kuhusu alama: ombi rasmi huandikwa kwenye ripoti kwa miaka miwili, ila FICO hulitazama kwa miezi 12 tu, na kwa watu wengi hupunguza alama chini ya tano. Kwa kuwa unataka mkopo wa nyumba baada ya miezi 18, hili lifanye sasa. Katika miezi sita ya mwisho usifungue chochote na usifunge chochote.

Mchangiaji wa nne

Naomba niseme la upande wa pili, kwa sababu hesabu za mchangiaji wa tatu hazina kosa lakini hazimjui mtu anayezishika kadi.

Mimi niliunganisha. Nilichukua mkopo wa dola 11,000, nikalipa kadi nne siku moja, na nakumbuka nilivyofungua programu ya kila benki usiku ule kuona sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Alama zangu zilipanda kwa zaidi ya 50 katika mwezi mmoja, kwa sababu deni la kadi lilikuwa limegeuka kuwa deni la awamu ambalo halihesabiwi kwenye ule uwiano. Nilifuata ushauri wa kutofunga hata moja. Mwezi wa tatu gari liliharibika. Mwezi wa tano tulikuwa na msiba, nikakata tiketi. Mwezi wa nane sikuwa na sababu yoyote ninayoweza kuikumbuka. Ilipofika miezi 14 nilikuwa nadaiwa 8,900 za mkopo na 6,300 za kadi, nikiwa na alama za chini kuliko nilikoanzia.

Ushauri wa kutofunga kadi unamfaa mtu ambaye tatizo lake lilikuwa riba. Kama tatizo ni mkono, basi alama 20 au 30 utakazopoteza kwa kufunga kadi ni bei ndogo, nami ningezilipa tena leo kwa furaha. Mleta mada ajiulize kwa uaminifu lile deni la B lilitoka wapi. Kama lilikuwa la hospitali au kipindi cha kukosa kazi, aunganishe aache kadi wazi. Kama hawezi kukumbuka lilitoka wapi, afunge.

Mleta mada

Mkuu, umenigusa. Nimerudi kwenye taarifa za mwezi za kadi B kwa mwaka mzima. Dola 2,600 zilikuwa za kung'oa na kutengeneza meno ya mwenzangu. Zilizobaki ni vyakula vya kuagiza kwa simu, vifaa vya mtandaoni, na zawadi. Hizo za pili sizikumbuki hata moja vizuri.

Mchangiaji wa tatu

Basi una kesi mbili ndani ya kadi moja, na jibu linaweza kuwa la katikati. Ondoa namba za kadi zilizohifadhiwa kwenye tovuti na programu zote za manunuzi. Benki nyingi pia zina kitufe cha kuifungia kadi kwa muda kwenye programu yao, ambacho huzuia manunuzi mapya bila kuifunga akaunti. Alama hazijui kama umebonyeza kitufe hicho.

Mchangiaji wa tano

Wanaoamua kufunga, fungeni kwa utaratibu. Miaka kadhaa iliyopita nililipa salio lote la kadi moja kama lilivyoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, nikapiga simu kuifunga, mhudumu akanitakia siku njema. Sikufungua tena barua zao, kwa nini nifungue? Kumbe riba huhesabiwa kila siku, na kati ya siku ilipotoka taarifa na siku malipo yangu yalipofika kulikuwa na riba ya siku kumi na kitu. Dola 6 na senti 41. Zile 6.41 zilivuka siku 30 bila kulipwa, zikaripotiwa kama malipo yaliyochelewa. Mtu niliyekuwa na historia safi ya miaka tisa, nikapata doa la miaka 7 kwa bei ya kahawa na andazi. Niliwaandikia barua ya kuomba waliondoe na hatimaye waliliondoa kwa hisani, lakini hawakulazimika.

Kwa hiyo lipa, subiri taarifa nyingine ije ikiwa na sifuri kamili, na kama ulikuwa umebeba deni subiri taarifa mbili. Hamisha malipo yote yanayojikata yenyewe. Kisha ndipo upige simu, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba akaunti imefungwa kwa ombi lako na salio ni sifuri. Baada ya mwezi mmoja au miwili itazame ripoti yako. Tangu mwaka 2023 kampuni zote tatu za kumbukumbu za mikopo zimeifanya kuwa ya kudumu huduma ya kukupa ripoti bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com. Ukikuta kosa, sheria ya taarifa za mikopo ya mwaka 1970 inakupa haki ya kulipinga, na kwa kawaida wana siku 30 za kulichunguza.

Jambo lingine dogo ambalo lilinichukua muda kulielewa: benki nyingi huripoti salio lako la siku taarifa ya mwezi inapofungwa, si la siku ya mwisho ya kulipa. Mtu anaweza kulipa kila kitu kwa wakati mwaka mzima na bado aonekane amejaza kadi. Ukikaribia kuomba ule mkopo wa nyumba, lipa siku tatu au nne kabla ya taarifa kufungwa.

Mchangiaji wa sita

Nimewahi kufanya kazi kwenye shirika la ushauri wa madeni lisilo la faida, nami naongeza kwa wale wasomaji ambao hawana hizo dola 450 za mleta mada. Mashirika haya ni ya muda mrefu. Umoja wao mkubwa, NFCC, ulianzishwa mwaka 1951. Wanaweza kukuandalia mpango ambao benki hukubali kupunguza riba, nawe unalipa kiasi kimoja kwa shirika kila mwezi kwa miaka mitatu hadi mitano. Kwa kawaida kadi zilizomo kwenye mpango hufungwa. Alama hutikisika mwanzoni, lakini niliona wengi wakipanda kabla mpango haujaisha, kwa sababu walikuwa wanalipa kwa wakati na deni linashuka.

Msichanganye hao na kampuni za kupatana na wadai, zinazokuambia uache kulipa kabisa ili benki ikubali kupokea nusu. Kila mwezi usiolipa huandikwa. Na deni lililosamehewa la dola 600 au zaidi huweza kuripotiwa kwa mamlaka ya kodi kama kipato chako. Tangu mwaka 2010 kampuni za namna hiyo zinazouza huduma kwa simu haziruhusiwi kudai malipo kabla ya kukamilisha mapatano hata moja, kwa hiyo anayekuomba fedha ya kuanzia umeshamjua.

Halafu kuna kadi ambazo nasema zifungwe hata kama alama zitaanguka: zile za pamoja na mtu mliyeachana. Hakimu akiandika kwamba deni ni la mwenzako, benki haikuwa mahakamani. Inawadai wote wawili.

Mchangiaji wa pili

Nimejifunza, nilikuwa nimekosea kuhusu umri. Swali moja: kadi D ya duka, kikomo cha dola 1,200 tu, ina maana gani kuibakiza?

Mchangiaji wa kwanza

Karibu hakuna. Vikomo vikishuka kutoka 21,700 hadi 20,500, uwiano wa leo unapanda kwa asilimia mbili tu. Kadi za maduka pia zina tabia ya ofa za riba iliyoahirishwa, ambapo ukibakiza hata dola 10 siku ya mwisho unatozwa riba yote ya nyuma tangu siku uliponunua. Kama kuna moja ya kufungwa mwaka huu, ni hiyo.

Mleta mada

Mrejesho baada ya miezi minne, kama nilivyoahidi faraghani kwa wachangiaji wawili.

Nililipa 600 za E siku ileile. Benki yake ilikubali kunibadilishia kadi isiyo na ada. Mazungumzo yalichukua dakika kumi na moja, na kikomo cha 8,000 kimebaki. Kadi A inalipia usajili mmoja mdogo kila mwezi na inajilipa yenyewe.

Niliomba kadi ya kuhamisha salio kwenye benki nisiyokuwa na akaunti nayo, nikitarajia nafasi ya kubeba B na C. Nikapewa kikomo cha dola 5,500. Nilikaa nikiikodolea macho namba ile kwa muda, kisha nikahamisha 4,200 za B zenye riba kubwa zaidi, pamoja na ada ya asilimia 3, jumla 4,326, kwa miezi 18 bila riba. Nailipa 241 kila mwezi ili iishe kabla ya muda, na 209 zinazobaki zinakwenda C.

Taarifa mbili za B zilikuja na sifuri, ingawa ya kwanza ilikuwa na riba ya dola 38 iliyobaki nyuma, ambayo bila mchangiaji wa tano nisingeitafuta. D niliifunga mwezi wa pili. Mhudumu alinipa punguzo la asilimia 20 ili nibaki, nami nikamwomba barua.

Kwa namba: vikomo sasa ni 26,000, deni ni takriban 5,640, uwiano ni chini kidogo ya asilimia 22. Alama zilianguka kutoka 668 hadi 659 mwezi wa kwanza, kwa sababu kadi mpya ilionekana imejaa karibu asilimia 79 na lilikuwepo lile ombi jipya, na nakiri nililala vibaya siku hiyo. Mwezi huu ni 687. Kadi B nimeifungia kwa kile kitufe cha kwenye programu. Mwenzangu ndiye anayejua neno la siri la simu yangu siku hizi, na juzi nilipotaka kuagiza chakula usiku aliniuliza kama B bado imelala.

Swali linalobaki ni C, ambayo bado ina dola 2,278. Benki yake imeniandikia tena kuhusu mkopo, safari hii kwa asilimia 13 na ada ya asilimia 6. Nimeiweka barua chini ya sumaku kwenye jokofu mpaka mtakaponisaidia kuipigia hesabu.

Mchangiaji wa tatu

Ada ya asilimia 6 kwa deni la miezi michache haifai, mkuu. Kwa dola 209 kwa mwezi C inaisha yenyewe katika miezi 13 hivi, na riba yote iliyobaki haitafika dola 330. Wao wakikupa mkopo wa mwaka mmoja utalipa ada ya karibu dola 145 na riba inayozidi kidogo 170. Hutaokoa chochote, na utabaki na ombi jipya kwenye ripoti mwaka mmoja kabla ya kuomba nyumba. Itoe hiyo barua kwenye jokofu.